Nane kwenye Karatasi

Mume wangu Zuberi alikuwa anapanda treni ya kinyume. Kila asubuhi pale Gare du Midi watu wa vijijini wanamwagika kwenye majukwaa na makoti yao, wanakimbilia ofisi za Brussels, na yeye anawapenya katikati kwenda kule kule walikotoka. Miaka kumi alifanya hivyo. Sisi tunakaa Saint-Gilles, humo humo Brussels, ghorofa ya tatu, na kazi ilikuwa Hautbruyère, kijiji cha mashamba ya ngano, dakika arobaini kwa treni na kumi kwa miguu. Huko kuna nyumba ya wazee. Zuberi alikuwa anawaogesha na kuwalisha, mimi nilikuwa chini nafua mashuka yao.

Jina langu Mauwa. Sote wawili ni watoto wa Buyenzi, Bujumbura, tulifika Ubelgiji mwaka 1996 na binti yetu Lina na mabegi mawili. Nayasema haya mapema kwa sababu habari ya Zuberi imesimuliwa sana pale Saint-Gilles, kwenye saluni, baada ya swala, kila muntu na yake, na wengi hawajui hata kijiji chenyewe kiko wapi. Wananiudhi. Mimi nilikuwapo, basi wacha niseme mimi.

Kijiji kile kilikuwa na kituo cha mapompier, yaani wazima moto, lakini si watu wa mshahara. Ni watu wa kijiji wenye kazi zao, kila mmoja na bip, kile kidude cha kumwita, kiunoni. Bip ikilia unaacha ulichoshika, unakimbia kituoni, unavaa, unapanda gari, mnakwenda. Ndivyo ilivyokuwa tangu babu zao, na babu zao walikuwa wanalima hapo hapo, ukiwaita wanaitika. Hawa wa siku hizi wanalala kijijini tu. Saa mbili asubuhi wote wako kwenye treni ya Brussels. Nyumba yako ikishika moto saa nane mchana, mapompier wako mjini kwenye kompyuta, kilomita thelathini, na bip zao huko hata hazilii.

Mkuu wa kituo, Antoine, alikuwa na bucha mbele ya kanisa. Muzee wa miaka sitini, mikono mikubwa, sauti ndogo. Siku moja mwaka 2003 alileta nyama kwenye nyumba ya wazee, akamkuta Zuberi amembeba bibi mmoja mzito anamshusha ngazi, kwa sababu lifti imekufa. Akamtazama mpaka chini.

"Wewe mchana uko hapa kila siku?" akamuuliza.

"Kila siku, isipokuwa Jumamosi na Jumapili."

"Basi ni wewe ninayekutafuta," Antoine akasema.

Hivyo ndivyo Mrundi wa Saint-Gilles alivyokuwa pompier wa kijiji cha Wabelgiji. Mwaka mzima Jumamosi zake zilikuwa za mafunzo. Akafaulu. Siku aliyoleta picha yake na kofia ya chuma, nikaiweka ukutani sebuleni, na wanawake waliokuja kwa chai niliwakalisha wakiielekea. Naam, nilijidai, kwa nini nikatae? Watu wetu wengi hapa wanaonekana kwa ufagio tu. Wangu alionekana juu ya gari jekundu.

Zuberi alimwita Antoine papa, yaani baba. Mwanzo yule Mbelgiji alicheka, akasema yeye ana mabinti wawili tu na hakumbuki kumzaa Zuberi. Baadaye akazoea. Ikafika mahali Zuberi akisahau, akisema "monsieur Antoine", muzee anauliza amekosa nini.

Sasa hesabu ya mchana ilikuwa hivi. Antoine, yuko buchani. Fundi wa gereji, yuko gereji. Na Zuberi. Basi. Watatu. Kwenye daftari la kituo yameandikwa majina kumi na mawili, lakini mchana wa siku za kazi ni hao watatu, na gari linataka watu sita. Zuberi alinieleza kwa vijiko juu ya meza yetu. Wawili wanaingia kwenye moshi, kamwe si mmoja. Wawili wanakaa nje wamevaa tayari, ili hawa wa ndani wakikwama kuna wa kuwafuata. Mmoja pampu, mmoja kuamuru. Akaondoa vijiko vitatu, akavitazama vilivyobaki.

"Na mkiwa hivi?" nikamuuliza.

"Tunazima nyasi," akasema. "Tunatoa gari mtaroni. Mungu amekuwa na sisi."

"Na nyumba?"

"Mama Lina, kula."

Ndipo woga uliponiingia, na haukutoka. Kwa sababu mimi ile nyumba ya wazee niliijua kwa mashuka yake. Nilijua vitanda thelathini na vinne, nilijua nani hatembei, nani hasikii, nani akiamshwa usingizini anapiga watu. Ghorofa mbili juu, ngazi moja nyembamba, lifti ambayo siku zake zinahesabika. Nikisikia harufu ya mkate umeungua jikoni, naacha mashuka nakwenda kuangalia.

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo watu wakilisikia wanadhani natania. Bip ikilia, Zuberi alikuwa lazima awaache wazee, akimbie mita mia sita mpaka kituoni. Ndiyo kazi ilivyo. Mara nyingi amemwacha maman Berthe na povu kichwani. Maman Berthe alikuwa na miaka tisini na moja, alifundisha shule pale kijijini maisha yake yote, na akili yake kali kuliko yangu. Alikuwa anakaa na povu lake anasubiri, hakubali muuguzi mwingine amsuuze. Siku moja akamuuliza, "Zuberi, na moto ukiwa hapa?" Akamjibu, "Nitakimbia kuchukua gari, maman, halafu nitarudi." Bibi akafikiri. Akasema kwamba hiyo mipango ni ya kijinga. Tulicheka, sisi watatu, mimi na mashuka mikononi.

Mwanzo wa mwaka 2008 zikaja habari za kushirikiana. Serikali ilikuwa inataka vituo vidogo vya vijijini viungane na majirani. Kwetu majirani walikuwa wawili. Mmoja ni mji mkubwa wa upande wetu wa Kifaransa, dakika ishirini na mbili. Mwingine ni Landeke, upande wa Waflamand, wale wenye Kiholanzi chao, dakika nane. Dakika nane tu, ukisimama juu ya kilima unaona mnara wao. Lakini katikati unapita ule mpaka wa lugha, na miaka yote ile gari la Landeke halikuwahi kuvuka kuja kwetu isipokuwa kwa kuombwa, na watu wa Hautbruyère walikuwa radhi kumwomba shetani kabla ya kumwomba Mflamand. Watu wa Landeke nao vile vile, usidhani.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, hata mimi mfua nguo niliuelewa. Kila kituo kiseme ukweli, mchana kina watu wangapi, usiku wangapi. Namba hizo zinaingia kwenye kompyuta ya wale wanaopokea simu ya cent, namba mia, ya dharura. Kituo chenye watu sita au zaidi kinakwenda peke yake. Kikiwa na pungufu, jirani wa karibu anatoka nacho dakika ile ile, mpaka au hakuna mpaka. Ila kulikuwa na mkia. Kituo chenye pungufu kabisa mchana, ilisemwa kwamba huenda mchana wake ukapewa jirani moja kwa moja. Na kituo kisicho na mchana, gari la nini?

Zuberi alifurahi siku aliyosikia. Akaja mpaka kwenye mashine zangu. "Tutasema watatu," akaniambia, "na Landeke watakuja na sisi kila mara. Mama Lina, nitalala."

Mkutano ulikuwa Februari, ukumbi wa komuni, yaani halmashauri yao. Walinikodi mimi nitoe kahawa. Kapteni wa Landeke alikuja, kijana mrefu mwenye Kifaransa cha kuchonga, na mkubwa kutoka ule mji mwingine, na meya, na watu wa kijiji wamejaa mpaka mlangoni kana kwamba ni posa. Kila muntu alikuja kuona kama watanyang'anywa gari lao. Bibi mmoja alikuwa analia tayari kabla hakijasemwa kitu.

Kapteni akauliza. Antoine akasimama, na ile sauti yake ndogo, akasema, "Mchana, nane."

Nilisikia vizuri. Nilikuwa hatua tano.

Kapteni hakuwa mjinga. Akasema kwa adabu, "Mchana, siku za kazi, nane?"

"Nane," Antoine akasema. "Muulizeni Zuberi, yeye yuko hapa kijijini kila siku."

Ukumbi wote ukageuka. Zuberi alikuwa amekaa mstari wa pili na sare yake. Aliniangalia mimi kwanza, halafu akamtazama Antoine, halafu akainamisha kichwa. Mara moja tu, kwamba ndiyo. Kapteni akaandika.

Tulirudi kwa treni. Tulipofika nyumbani nikafunga mlango, nikamwambia maneno ambayo sitayarudia yote. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamuuliza kama amekuwa bubu.

"Ni muzee wangu," akasema. "Ningefanya nini? Amekwisha sema mbele ya wageni. Mbele ya watu wa Landeke. Nisimame nimwite muongo?"

Na hapo ndipo penye shida yetu, sisi tuliolelewa Buyenzi. Kwetu muzee akishasema mbele ya majirani, mtoto hafungui mdomo. Unangoja wageni waende, unamfuata ndani, unakaa chini, unamwambia taratibu, papa, pale ulipotea. Na muzee kesho yake anatafuta njia ya kurekebisha bila kudhalilika. Hivyo ndivyo nyumba zinavyosimama, na mimi mwenyewe ndivyo nilivyomlea Lina. Zuberi alifanya vile vile, hatua kwa hatua. Kesho yake alimfuata Antoine buchani, nyuma, kwenye baridi ya nyama, akamwambia. Antoine akamshika bega. Akasema anajua. Akasema kuna vijana wanne watapata kazi kijijini, kuna mwalimu anastaafu, mpaka Septemba watakuwa karibu nane, halafu uongo utakuwa si uongo tena. "Nipe mpaka Septemba," alimwambia. Lakini Antoine hakulelewa Buyenzi. Kwake yeye neno lililoandikwa na kapteni lilikuwa limekwisha, halifutiki.

Septemba ikafika, watatu. Oktoba, watatu.

Miezi ile tuliishi roho juu. Zuberi aliacha kula mchana. Alikuwa anapita chumba kwa chumba anachomoa nyaya za redio, za birika, za blanketi za umeme, wazee wanamgombeza. Alihesabu hatua kutoka kila kitanda mpaka ngazi. Nyumbani, akisikia king'ora cha mbali mtaani, kijiko kinabaki hewani. Mimi nilisema sana, kila siku nilisema: kamwambie kapteni, kaandike barua, kapige simu. Aliitikia ndiyo, kesho. Lina akaniambia nimwache baba yake apumue. Nikamjibu kwamba wapo watu thelathini na wanne nao wanataka kupumua.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa kumi na moja, saa nane na dakika kumi. Saa ya wazee kulala. Nilikuwa nakunja mashuka nikasikia harufu, na mara ya kwanza sikuamini, kwa sababu mwaka mzima nilikuwa nimeinusa isipokuwapo. Halafu kengele ya nyumba ikalia. Nikapanda ngazi. Nikakutana na Zuberi anashuka mbio, bip inalia kiunoni.

"Wapi?" nikamuuliza.

"Ghorofa ya pili, chumba cha televisheni. Nimefunga mlango. Toeni wa ghorofa ya kwanza, wa ya pili narudi kuwachukua." Na huku anakwenda.

Nilijua lazima aende. Alinieleza kwa vijiko. Lakini nakwambia, kumwona mume wako anaikimbia nyumba inayoungua, anatoka mlangoni, anapotea kwenye kona ya kanisa, mwili wote ulikataa. Na juu, kwenye dirisha la chumba chake, maman Berthe naye alikuwa anamwona. Nilimsikia anamwita jina.

Tulikuwa wanne wa kazi. Mmoja alijaribu kwenda juu akarudi anakohoa, macho yamefunga. Tukatoa wa chini, tukatoa wa ghorofa ya kwanza, kwa viti, kwa mablanketi, kwa mikono. Sikumbuki uzito wa muntu yeyote. Nakumbuka baridi ya nje na wazee wamekaa kwenye nyasi na soksi, wanatetemeka, na mimi nawahesabu. Ishirini na tisa. Nikahesabu tena.

Hapo gari likaja. Nikaona Antoine usukani. Nikaona fundi. Nikaona Zuberi. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, hakushuka muntu mwingine.

Nikachukua simu nikapiga cent. Mwanamke akapokea, sauti nzuri, imetulia. Nikasema nyumba ya wazee, Hautbruyère, tumeni watu.

"Tayari wako njiani, madame. Kituo chenu kimetoka."

"Wamefika. Ni watatu."

"Hapa ninaona nane, madame."

"Si nane. Watatu."

"Kwenye skrini yangu ni nane. Wengine labda wanafuata."

"Hakuna wengine," nikasema. "Hawajawahi kuwapo. Mimi ni mke wa mmoja wao, niko nao hapa, nawaona kwa macho, ni watatu, kuna wazee watano juu. Leteni Landeke."

Akaanza kuandika kwenye kompyuta. Nilisikia vidole vyake. "Natuma Landeke," akasema, na sauti yake haikuwa imetulia tena.

Dakika nane. Sitaki kuzisimulia zote. Zuberi na fundi waliingia na mpira wa maji, Antoine kwenye pampu, na nje hakuna hata mmoja aliyevaa tayari kuwafuata. Walishusha wawili. Wakarudi, wakashusha mwingine, na wa nne fundi alimtoa nusu amembeba nusu amemburuta, halafu yeye mwenyewe akaanguka kwenye nyasi anatapika. Akabaki Zuberi peke yake, na chupa yake ya hewa imeanza kupiga filimbi, ile filimbi ya kukwambia toka. Akageuka kurudi ndani. Antoine akaacha pampu, akamshika kamba za mgongoni kwa mikono yote miwili. "Si peke yako!" alikuwa anapiga kelele. "Si peke yako!" Zuberi anamvuta muzee mzima, miguu inaburuzika. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba Antoine asimwachie.

Landeke wakafika. Walishuka sita. Wawili waliingia mbio bila kuuliza neno, na baada ya muda kidogo wakatoka na maman Berthe, mweupe, mdogo kama mtoto, masizi puani. Walimweka kwenye gari la wagonjwa. Hakufika hospitali.

Yule kapteni kijana alivua kofia, akasimama mbele ya Antoine. Akasema, "Tungetoka pamoja nanyi saa nane na robo..." Hakumalizia. Akaenda kukunja mipira yake.

Wiki mbili baadaye ilikuja barua ya kutuita, Zuberi na mimi, kwa mchunguzi wa mahakama. Usiku huo huo nilianza kuogopa upya, na woga huu ulikuwa wa aina nyingine. Nilimwona Zuberi amefukuzwa kazi. Nilimwona mbele ya hakimu kwa kifo cha muntu, Mwafrika aliyekubali uongo, na maombi yetu ya uraia yamelala kwenye meza ya karani fulani.

Jumapili Antoine akaja Saint-Gilles. Hakuwahi kuja hata siku moja. Alipanda ngazi zetu anapumzika kila ghorofa, akakaa kwenye kochi na koti lake, amekonda. Zuberi akamletea chai, akamwambia karibu, papa. Muzee akalia, machozi kweli. Halafu akasema alilolijia. Zuberi na mimi tuseme kwamba kwa kawaida mchana ni nane, ila siku ile tu, kwa bahati mbaya, watano walikuwa wagonjwa, mafua. Wenyewe wameshakubali kusema hivyo. Siku ile tu.

Na mimi? Mimi niliyepiga kelele miezi tisa? Nilimtazama mume wangu nikasema, "Baba Lina, funika kombe mwanaharamu apite. Maman Berthe hatarudi."

Zuberi akakaa chini mbele ya muzee. Alikuwa anaogopa kuliko sote, nilimjua. Akamwambia, "Papa, sasa tuko ndani, hakuna wageni. Wacha nikwambie hapa. Kesho nitasema watatu. Nitasema pia kwamba kapteni aliniuliza, nikakubali kwa kichwa."

Antoine hakubishana. Alimaliza chai yake, na Zuberi akamsindikiza mpaka kwenye tramu.

Kwa mchunguzi aliingia Zuberi kwanza. Nilikaa kwenye korido saa nzima na kibeti changu. Alipotoka, uso umemshuka lakini anapumua kwa kina, kitu ambacho sikukiona tangu Februari. "Nimesema," akaniambia. Halafu wakaniita mimi.

Niliingia bila wasiwasi. Kwangu ilikuwa habari ya simu tu, na kwenye simu mimi ndiye niliyesema kweli. Mchunguzi, mwanamke wa umri wangu, aliwasha mashine, nikasikia sauti yangu mwenyewe inapiga kelele, hakuna wengine, hawajawahi kuwapo. Akaizima.

"Ulijuaje, madame?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Tangu mume wangu aanze."

Akageuza ukurasa. "Kwenye mkutano wa Februari, ulikuwapo?"

"Nilikuwapo. Nilikuwa natoa kahawa."

"Ulisikia ikisemwa nane?"

"Nilisikia."

"Ulisema kitu? Kwa kapteni? Kwa meya? Siku hiyo au siku nyingine?"

Nilitaka kumwambia nilisema sana. Nilisema mpaka majirani wa chini wakagonga dari. Lakini yote nilimwambia Zuberi, jikoni, mlango umefungwa. Namba ya simu ya kituo cha Landeke ilikuwa kwenye ubao wa matangazo karibu na mashine zangu za kufulia, nilipita mbele yake kila siku.

"Hapana," nikasema.

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa moto?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nikafikiria picha pale sebuleni, na wanawake niliowakalisha wakiielekea, na sura zao kama wangesikia kwamba mume wa Mauwa amenyang'anywa gari.

"Hapana, madame," nikamwambia. "Niliogopa aibu."

Aliliandika hilo neno peke yake kwenye mstari, akanigeuzia karatasi, akanionyesha mahali pa kutia saini.